Kopo la majani ya chai bado lanukia karafuu

Swali: Asalaam aleikum. Kwa muda mrefu nilitia majani ya chai yenye iliki na karafuu kwenye kopo la plastiki. Sasa nyumbani tunataka chai ya rangi isiyo na viungo, lakini kila majani ninayoyatia humo hutoka na karafuu. Nimeliosha kwa sabuni mara nne. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Waaleikum salaam. Sabuni huosha juu tu. Iliki na karafuu zina mafuta, na mafuta hayo huzama ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka kidogo kidogo. Majani makavu nayo ni hodari wa kunyonya harufu. Ndiyo maana pua inaweza kukuambia kopo limetakata, na kikombe kikakataa.

Anzia kwenye mfuniko. Kama una mpira wa kuzuia hewa, ung'oe kwa mpini wa kijiko, maana kisu huuchana. Chini ya mpira huo ndimo unga wa viungo unamojificha, na mara nyingi mpira hushika harufu kuliko kopo. Osha vyote kwa sabuni ya vyombo isiyo na manukato, usije ukafukuza karafuu ukakaribisha limau. Kisha koroga vijiko 2 vya chakula vya bikaboneti ya soda katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, ujaze kopo mpaka ukingoni. Mfuniko na mpira viloweke katika maji hayo hayo kwenye bakuli. Acha usiku kucha, asubuhi suuza mara tatu.

Tunasema bikaboneti, si bekin pauda, ambayo ina wanga na asidi ndani yake, wala si magadi ya kupikia maharage, ambayo ni makali zaidi. Na tafadhali usiichanganye na siki. Povu lile hufurahisha macho tu; viwili hivyo huuana nguvu, ukabaki na maji ya chumvichumvi.

Ukitaka kulisuuza kwa maji yanayochemka, kwanza tazama namba ya aina ya plastiki iliyo ndani ya pembetatu chini ya kopo. Plastiki ya namba 1 hulegea na kujikunja hata kabla ya kiwango cha kuchemka. Namba 5 huvumilia.

Kausha kopo likiwa wazi, mdomo chini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite, kwa saa 24. Ukilifunika likiwa na unyevu, karafuu itaondoka na uvundo utaingia.

Harufu ikibaki, toa kafara: tia majani makavu ya bei nafuu mpaka robo ya kopo, funga, tikisa kila siku kwa wiki moja, halafu yatupe. Yatakuwa yamenyonya kilichobaki. Mwisho jaribu kwa kijiko 1 cha majani mazuri: yafungie humo siku 2, kisha uyapike kwa maji matupu, bila sukari wala maziwa, kwa kuwa vyote viwili huficha kasoro. Karafuu ikirudi baada ya kafara ya pili, usihangaike tena. Lifanye kopo la viungo, na majani uyahamishie kwenye chupa ya kioo, ambayo hainyonyi mafuta.

Swali: Bati langu la majani linanuka uvundo tangu mvua zianze. Niliroweke? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Usiliroweke. Maji huingia kwenye maungio, kutu ikaanzia huko usikokuona. Majani yaliyomo, kama yamevunda, mwaga. Changanya siki sehemu 1 na maji sehemu 3, chovya kitambaa, kikamue, futa ndani na kwenye kingo za mfuniko. Futa tena kwa maji safi, kausha papo hapo, anika juani. Kisha fungia humo vipande 3 vya mkaa ambao haujawashwa, vikiwa ndani ya kitambaa, kwa siku 3. Ukiona kutu ndani, bati hilo si la majani tena.

Swali: Galoni ya plastiki iliyowahi kutiwa mafuta ya taa inaweza kusafishwa ikawekewa majani?

Jibu: Hapana. Mafuta ya taa huzama kwenye plastiki kama yale ya karafuu, ila haya si ya kunywa. Iandike kwa wino usiofutika, uiweke mbali na rafu ya chakula.