Mwachie mwenye pasi bisibisi

Jumamosi yangu ya kwanza kwenye Repair Café niliua fyuzi mpya kabisa mbele ya mwenye mashine, nikiwa nimeshamwambia "dakika tano tu, mama". Naanza na hilo kwa sababu jamaa zangu wa hapa Uholanzi wakisikia najitolea kutengeneza vitu vya watu bure, wanadhani nilitua na ufundi wa Bongo mfukoni, nikawafunika Wazungu siku ileile. Thubutu.

Kwa ambaye hajafika: ni ukumbi wa mtaa, kwetu mara moja kwa mwezi. Meza zimepangwa, ekstensheni zimetandazwa sakafuni, kahawa ipo, na watu wanaingia wamekumbatia blenda, taa, redio, suruali zenye zipu mbovu. Sisi wa kujitolea tunakaa nao mpaka kitu kipone au kishindikane. Hakuna bei, kuna kopo la mwenye kujisikia. Mkusanyiko wa kwanza wa aina hii ulifanyika Amsterdam tarehe 18 Oktoba 2009, ukiandaliwa na mwandishi wa habari aitwaye Martine Postma, na leo ipo zaidi ya 2,000 katika nchi nyingi.

Mimi mwanzoni nilicheka. Nimekulia kwenye kibanda cha mjomba Magomeni, redio zimerundikana hadi darini, na hakuna aliyewahi kutenga siku maalumu kwa kazi ile. Kila mtaa una fundi wake, basi. Lakini huku saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya pasi mpya. Kwa hiyo pasi inatupwa, na watu wamefika umri wa kuitwa babu bila kuona ndani ya pasi kuna nini.

Turudi kwenye fyuzi. Mama mmoja wa makamo alileta mashine ya kahawa iliyozimika ghafla. Nikaipokea, nikaigeuza, nikafungua skrubu tatu, nikaweka mita ya kupimia umeme. Fyuzi ya joto imekata. Ni kidude kidogo cha chuma, chembamba kuliko kidole cha mtoto, kinachokaa kwenye njia ya umeme unaokwenda kwenye koili ya kuchemshia maji. Joto likipita kiwango chake, ndani kinayeyuka, umeme unakatika, na hakiponi tena. Kwenye droo ya akiba kulikuwa na viwili. Nikachukua kimoja, nikawasha chuma cha kulehemu, nikaunga safi kama nilivyofunzwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikafunga mashine, nikachomeka. Kimya. Nikapima tena: fyuzi mpya nayo imekata.

Nimeiyeyusha mwenyewe kwa joto la kulehemu! Kitu kilichotengenezwa kife kikipata moto, mimi nimekipa moto miguuni. Redio za mjomba hazikuwa na fyuzi za namna hii, lakini huo si utetezi.

Mzee wa meza ya pili, mstaafu asiye na maneno mengi, akasogea na kopo la vijimirija vya chuma. Unaingiza mguu wa fyuzi upande mmoja, waya upande wa pili, unaminya kwa koleo. Hakuna moto. Na kama huna budi kulehemu, unaubana mguu kwa koleo katikati ya fyuzi na moto, ili koleo linywe joto. Halafu akauliza swali lililoniuma zaidi: "Ile ya kwanza ilikatwa na nini?" Sikuwa nimejiuliza. Tukatazama bomba la maji, limejaa chokaa, maji hayapiti vizuri, koili inachemka peke yake. Tungeweka fyuzi kumi, zote zingekufa. Tukampa mama yule somo la kusafisha chokaa kwa siki, tukafunga fyuzi ya mwisho, mashine ikakoroma.

Nasema tukampa somo, ila ukweli ni kwamba mpaka wakati huo nilikuwa nimempa mgongo. Nusu saa nzima alikaa nyuma yangu ameshika mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mratibu wetu aliniita pembeni kwenye kahawa. Akaniambia kwa upole kwamba hapa bisibisi inashikwa na mwenye kitu. Wewe unaonyesha, unashika tochi, unamzuia asijidhuru. Nilinuna, sikatai. Nilijiona nimeitwa fundi halafu nikanyang'anywa ufundi. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba kwenye kibanda cha mjomba mteja aliletwa na shida ya redio tu, akaondoka na redio. Hapa mtu anaondoka na kitu kingine pia, na hicho hakipatikani akiwa nyuma ya mgongo wa mtu.

Kwa hiyo ukiamua kujitolea, jambo la kwanza ni kuuliza kabla ya kufungua. Kilikufa ghafla au polepole? Kilitoa harufu? Kimeanguka? Kimemwagikiwa? Na ulizia kwa ustaarabu kama kuna mtu ameshakifungua, maana mficha uchi hazai, na watu wanaficha. Bwana mmoja aliniapia kwamba mashine yake ya kufyonza vumbi haijaguswa na mtu. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechakazwa kama vimetafunwa. Sikumuumbua. Nikamwomba tuchungulie bomba kwanza, tukatoa soksi ya mtoto. Mashine ikiziba namna hiyo mota inapata joto, swichi yake ya usalama inakata, mtu anadhani imekufa. Akacheka, akakiri kwamba shemeji yake alijaribu "kidogo tu".

Pili, sahau baadhi ya mazoea ya nyumbani. Mimi kitu kikiletwa kimezimika, mkono ulikwenda wenyewe kwenye plagi, maana plagi zetu za pini tatu za bapa zina fyuzi ndani, na mara nyingine shida inaishia hapo. Plagi za huku hazina fyuzi, na nyingi zimemiminwa plastiki, hazifunguki. Tena zinaingia kwenye soketi upande wowote. Kwa hiyo, swichi ikiwa inakata waya mmoja tu, taa ya mezani inaweza kuzimwa huku waya wenye moto ukiendelea kufika kwenye kishikio cha balbu. Usiseme "nimezima". Chomoa, plagi iwe mezani mbele ya macho yako, ndipo mtu aguse.

Kuna na vitu ambavyo hatufungui, na hapa siogopi kuitwa mwoga. Maikrowevu, kwa mfano. Ndani kuna kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme, inayochajiwa hadi volti elfu mbili hivi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Nimemwona mjomba akigusa saketi kwa mgongo wa kidole akisikilizia kama ina moto. Alikuwa fundi mzuri sana na alikuwa na bahati sana, na hivyo viwili nimejifunza kuvitofautisha. Kwetu kitu chenye mwili wa chuma hakirudi kwa mwenyewe kabla ya kupimwa kama waya wa ardhi umeshika na kama umeme hauvuji. Nyumba nyingi za huku zina swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30, na pasi mbovu moja inaweza kuzima karibu nyumba nzima.

Zana zipo ukumbini, lakini njoo na zako chache ulizozizoea: bisibisi ndogo za nyota, zile za pembe sita, mita, tochi ya kichwani, brashi ya kufutia vumbi. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kitu. Skrubu ziweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka, maana zinafanana urefu mpaka siku utakapofunga ndefu mahali pa fupi na kutoboa kitu. Na zitie alama zana zako. Zangu zina tone la rangi ya kucha nyekundu, ya mke wangu, kwa idhini yake ya shingo upande.

Huyo huyo ndiye aliyenifunza somo la kutobeba kazi nyumbani. Nilikuwa na ule ugonjwa wa fundi kesho: kitu kikinishinda nasema niachie, mwezi ujao. Ulipofika mwezi wa nne tulikuwa na blenda tatu za watu chini ya kitanda na redio juu ya friji. Akasimama mlangoni akauliza, "Hapa ni nyumbani au Gerezani?", akimaanisha ule mtaa wa mafundi wa Dar. Tangu siku hiyo kinachoshindikana kinashindikana palepale. Kuna vitu vimegundishwa kwa gundi kiwandani, huvifungui bila kuvivunja, na vipuri haviuzwi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwabana watengenezaji kwenye mambo haya, kwa bidhaa kama mashine za kufulia, friji na simu. Itasaidia baadaye. Jumamosi yenyewe, mwambie mtu mapema, mweleze kimeharibika nini, na umwandikie kwenye fomu. Sisi tunaandika kila kitu, aina, umri, ubovu, kimepona au hakikupona, na nilichogundua ni kwamba aliyeelezwa vizuri hakasiriki. Anayekasirika ni aliyesubirishwa.

Usidhani pia ni mambo ya umeme tu. Foleni ndefu kwetu iko kwenye cherehani, kwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo. Zipu, pindo, mkoba uliochanika. Karibu kila kinachofika kwake kinatoka kimepona, wakati mimi napambana na plastiki. Tunapigiana Kiswahili juu ya vichwa vya watu. Mimi nalalamika kwamba skrubu imegoma, yeye anajibu "njo vile, kaka" bila kuinua macho kwenye sindano. Na kama Kiholanzi chako bado kinachechemea kama changu, hakuna darasa zuri kama hili. Nililijua neno schroevendraaier, yaani bisibisi, la kuvunja meno, kabla sijaweza kuulizia njia ya kwenda posta. Mbele ya kitu kilichofunguliwa mkono unaonyesha, mtu anakutajia jina, unarudia, mnaendelea.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja na pasi nzito ya zamani, ya waya wa kitambaa. Nikapima, mita ikalia, yaani njia ya umeme imeungana. Nikaukunja waya shingoni, pale unapoingia kwenye pasi, mita ikanyamaza. Ukinyooshwa inalia, ukikunjwa inanyamaza. Waya umekatika ndani, kazi ya dakika kumi kwa mtu aliyezoea. Nikampa bisibisi. Akanitazama kama nimemtania. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na skrubu ya kwanza ilimchukua muda ambao mimi ningekuwa nimeshafunga na kunywa kahawa. Nilikalia vidole vyangu. Akafungua, akaona waya tatu na rangi zake, akauliza wa njano na kijani ni wa nini. Nikamweleza. Tukakata pale palipokatika, tukachuna upya, akaufunga kila mmoja mahali pake huku mimi nikimulika. Ikapimwa, ikachomekwa, taa yake ndogo ikawaka. Hakusema kitu. Alivuta kitambaa cha meza yetu, kilichojaa makombo ya biskuti, akakikung'uta, akaanza kukipiga pasi palepale, kona moja baada ya nyingine, watu wakisubiri.

Jioni nikifunga zana nikakuta bisibisi moja haipo. Ilirudi mwezi uliofuata, imetoka kwenye pochi yake, ikiwa bado na tone lake jekundu, pamoja na kibaniko cha mkate cha jirani na jirani mwenyewe.