Fedha na Shamba: Maswali Yenu

Wahariri, habari za kazi. Naishi Mbagala, nina ekari tano za mpunga Ifakara ambazo ndugu yangu ananisimamia. Kampuni moja ya mikopo hapa mjini iko tayari kunipa milioni 3 mwezi wa Novemba: riba asilimia 3.5 kwa mwezi, marejesho miezi kumi, naanza kulipa mwezi unaofuata. Wenzangu wanasema riba ni kubwa mno. Nichukue?

Usichukue kwa masharti hayo. Riba ni kubwa kweli, lakini kitakachokuangusha kwanza ni ratiba ya marejesho.

Piga hesabu hii. Kama riba inakatwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, ni 105,000 kila mwezi, yaani 1,050,000 kwa miezi kumi. Ukijumlisha na mtaji unadaiwa 4,050,000, na rejesho la mwezi ni 405,000. Mpunga wa mvua Ifakara huanza kuvunwa Mei, wengine hadi Julai. Kuanzia Desemba hadi Mei utakuwa umelipa mara sita, jumla 2,430,000, na hujauza hata gunia moja. Katika zile milioni 3 umebakiwa na 570,000. Ndiyo maana utamkuta mtu kakopa vizuri, kalima na kupanda vizuri, halafu palizi ikamshinda: hela ya palizi imesharudi kwa mkopeshaji. Hapo ndipo watu wanapouza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei anayoitaja mnunuzi.

Kwa hiyo muulize mkopeshaji maswali mawili kabla ya kusaini. La kwanza: riba inahesabiwa kwenye mkopo wa awali au kwenye salio lililobaki? Kwa kiwango hichohicho cha 3.5, ukirudisha 300,000 ya mtaji kila mwezi na riba ikahesabiwa kwenye salio, riba yote ni 577,500. Tofauti ni 472,500, na asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi ni ileile. La pili: naweza kulipa mara moja baada ya mavuno? Akikubali, omba tarehe iwe Agosti, si Juni. Juni kila mtu Kilombero anauza, na deni linaloiva siku hizo litakulazimisha uuze bei ikiwa chini.

Omba pia pesa itolewe kwa mafungu: fungu la kulima na mbegu, la palizi na mbolea, la kuvuna. Hela ya palizi iliyokaa mfukoni tangu Novemba inalipiwa riba bure, na mara nyingi inaliwa na ada za shule za Januari.

Njia nafuu zaidi inapitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya huko shambani. Tangu Julai 2021 Benki Kuu imezipunguzia kiwango cha amana za lazima (fedha ambazo benki hutakiwa kuziweka Benki Kuu) benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) ina mfuko wa dhamana unaobeba sehemu ya hasara mkulima mdogo akishindwa. Milioni 3 kwa asilimia 10, kutoka Novemba hadi Agosti, ni riba ya 225,000 tu.

Lakini AMCOS nyingi hukwama kwenye makaratasi. Ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, lazima upitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Ushirika. Hesabu ziwe zimekaguliwa. Kuwe na orodha ya wanachama yenye ekari za kila mmoja na namba za NIDA, pamoja na mkataba wa mnunuzi. Mkianza kukusanya hayo Novemba, mmechelewa. Mkopo utatoka Machi, na mbolea ya kukuzia inayofika mpunga umeshatoa masuke haiongezi kitu zaidi ya deni. Maombi yawe benki ifikapo Agosti.

Baba yangu ana ufuta Kilwa na anauza kwa stakabadhi ghalani, yaani mazao yanawekwa ghalani kisha yanauzwa kwa mnada. Bei ya mnada tuliisikia redioni, ila alichopata benki ni pungufu. Anaamini kaibiwa. — Msomaji wa kike, Temeke

Dada yetu, kabla ya kusema wizi, mwambie mzee aombe mjengeko wa bei kwenye AMCOS yake. Ni karatasi inayoonyesha kila shilingi inayokatwa kwa kilo: ghala, usafiri, magunia, tozo ya AMCOS na ya chama kikuu cha ushirika. Bei ya redioni ni ya kabla ya makato hayo. Ushuru wa mazao wa halmashauri kisheria hulipwa na mnunuzi; mkiuona kwenye makato ya mkulima, ulizeni kwa maandishi.

Kisha linganisheni kilo. Mzee ana risiti ya siku alipopima, na ghala lina uzito wake. Ufuta ulioingia ukiwa na unyevu hupungua uzito, na wenye mchanga hukatwa baada ya kuchekechwa. Kama pengo ni kubwa kuliko hapo, huenda shida iko kwenye mizani ya AMCOS, na hapo Wakala wa Vipimo ndiyo pa kwenda. Risiti isiyoandikwa kilo msiipokee kabisa.

Na kama malipo hayajaingia kabisa, angalieni jina. Akaunti inasema jina moja, daftari la AMCOS linasema jingine, benki inarudisha pesa.

Nina hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba la kijijini Morogoro. Benki Kariakoo wameikataa kama dhamana. Si halali? — Msomaji, Tabata

Ni halali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kuiweka rehani. Benki inachohofia ni siku utakaposhindwa kulipa: kuuza ardhi ya kijiji kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na wanunuzi wanaokubalika ni wachache. Jaribu tawi lililo karibu na shamba, ambalo maofisa wake wanakijua kijiji, na peleka hati pamoja na mkataba wa mnunuzi, taarifa ya akaunti ya msimu uliopita na ridhaa ya mwenzi wako iliyosainiwa. Mkopeshaji akiona mauzo yanapita kwenye akaunti iliyo kwake, hati inakuwa dhamana ya nyongeza, na anaikubali kwa urahisi zaidi.