Tangi la Samaki na Mimea Jijini Dodoma: Anza na Maji

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu tangi la samaki wa mapambo lenye mimea huanza kwa kumtaja samaki wanayemtaka, na mara nyingi huwa ni neoni, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa. Mimi huwaomba kwanza wachungulie ndani ya birika lao la chai. Ukoko mweupe ulioganda chini yake ni chokaa na madini mengine, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, nayo ni maji magumu. Neoni asili yake ni vijito vya Amazon vyenye maji laini, kwa hiyo hata ukimlisha vizuri, maji yetu si makao yake.

Chagua gapi, plati, moli au samaki wa mkia wa upanga, ambao hustawi katika maji magumu. Hawa huzaa watoto walio hai, tena kwa wingi. Kila dume lipatiwe majike mawili au matatu ili jike mmoja asisumbuliwe mchana kutwa, na asiye na mtu wa kumgawia watoto afuge madume ya gapi peke yake. Kwa tangi la lita 100 ningeanza na samaki sita wadogo, kisha niongeze taratibu. Uchache huo una sababu: umeme ukikatika usiku, chujio husimama, na mimea nayo gizani hutumia hewa ileile wanayoitegemea samaki. Tangi lisilojaa samaki huvumilia saa kadhaa za namna hiyo, hasa ukichota maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu.

Kabla ya samaki kuingia, chujio lifanye kazi wiki nne hadi sita, huku ukitia chembe chache za chakula ili bakteria wapate cha kuanzia. Bakteria hao hugeuza amonia inayotokana na uchafu kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo mimea huifyonza kama mbolea. Hatua hii haina njia ya mkato, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Kwa mimea, valisneria ndiyo ninayoipenda zaidi. Majani yake marefu kama utepe hulala juu ya maji, na kwa kuwa huweza kujipatia kaboni kutoka katika madini ya maji magumu, hukua bila mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi. Anubiasi, yenye asili ya Afrika Magharibi na Kati, ifungwe kwa uzi juu ya jiwe la matale. Shina lake likifukiwa mchangani huoza. Taa iwake saa saba au nane kwa siku, na tangi liwe mbali na dirisha, maana jua letu hulijaza mwani upesi. Usichukue mimea bwawani, kwani inaweza kuja na konokono wanaoeneza kichocho.

Mwezi Juni na Julai usiku huwa baridi, kwa hiyo weka kipasha maji cha wati 100 na kifuniko cha kioo. Kifuniko hicho kina kazi nyingine wakati wa kiangazi, kwa sababu hewa yetu kavu hupunguza maji haraka huku madini yakibaki, na anayejazia maji ya bomba kila siku bila kutoa ya zamani huzidisha ugumu. Kila wiki mimi hutoa robo ya maji na kurudisha ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Pengo la mvuke hulijaza kwa maji ya mvua, niliyokinga baada ya mvua za kwanza za Desemba kusafisha vumbi la bati.