Wadogo zangu wa kine (tiba ya viungo), angalieni hapo nje ya goti

Alhamisi iliyopita nilisimama mlangoni mwa wodi nikamtazama stajeri mmoja, mwanafunzi wa mazoezi, kijana mwenye bidii kweli, akimfunga mgonjwa ateli ya goti, kile kifaa cha mikanda cha kulinyoosha. Dakika 10 kabla ya hapo alikuwa amenitajia neva siatiki yote, ile kubwa ya mguu, kuanzia mzizi wa L4 hadi S3 kwenye uti wa mgongo, matawi kwa mpangilio, bila kukwama hata mara moja. Kisha akavuta mkanda wa chini ya goti na kuukaza juu ya kichwa cha perone, lile fundo la mfupa mwembamba wa nje ya mguu. Niliufungua mwenyewe. Usiku usingizi ukakataa, ndiyo maana ninawaandikia.

1. Kila mfupa una majina mawili, yajueni yote. Silabusi yenu inasema fibula, ulna, skapula, patela. Daktari aliyesoma zamani ataandika kwenye fishi ya mgonjwa perone, kubitusi, omoplati, rotuli. Mfupa ni ule ule, na mgonjwa hawezi kungoja mkimbilie simu kutafuta.

2. Kuna jina la tatu, nalo ni la mgonjwa. Kwa mama wa Kadutu, hapa Bukavu, mguu unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha, na mkono unaanzia begani. Neno “mshipa” ndilo lenye mtego: linaweza kuwa neva, kano, mshipa wa damu, hata henia. Papa mmoja fundi nguo kutoka Bagira aliniambia, “Mwanangu, mshipa wa mkono unanivuta.” Nilimpima shingo nusu saa nzima nikitafuta mzizi wa neva uliobanwa. Mwishoni nilimwomba anioneshe kwa kidole kimoja tu. Akagusa kano za kidole gumba, pale kwenye kifundo cha mkono, mahali panapochoshwa na mkasi kutwa. Kidole kimoja, wadogo zangu. Muombeni kabla hamjafungua mdomo kusema “pleksasi”, yaani mtandao wa neva.

3. Mguu wa mbuzi unafundisha, lakini si kila kitu. Najua wengi wenu mnafanya kama sisi tulivyofanya: maiti ya kujifunzia hakuna, basi mnachanga pesa, mnanunua mguu wa mbuzi sokoni, mnaufungua kwa wembe juu ya gazeti. Ni jambo zuri. Ukivuta kano na kuona kwato inakunjika, umeelewa kitu ambacho kitabu hakikupi. Ila mbuzi hana perone kamili. Imebaki kipande kidogo tu juu na kingine chini. Mimi perone nilikuwa nimeisoma kwenye mchoro tu. Sikuwa nimewahi kuigusa kwenye mguu wa mtu, hata wangu mwenyewe.

Nikaingia staji. Msimu wa mvua, akaletwa mama mmoja mbeba mizigo, wale wanaopanda na milima yetu wakiwa na kamba kwenye paji la uso. Aliteleza kwenye mteremko na gunia la mihogo mgongoni, goti likajipinda. Hakuna kilichovunjika. Daktari akaagiza ateli, goti linyooke, nami nikatumwa kuifunga. Niliifunga kwa moyo wote. Nilitaka isilegee, kwa hiyo mkanda wa pili niliukaza mpaka ngozi ikajikunja, pale pale penye lile fundo la mfupa upande wa nje, chini kidogo ya goti. Sikuweka hata pamba.

Jioni mama akaniambia, “Docta, sisimizi wanatembea juu ya mguu.” Nilimjibu kwamba atazoea. Asubuhi akasema mguu umekufa ganzi. Nikabonyeza kidole, damu ikarudi vizuri, nikaona basi, hakuna shida. Niliangalia damu na kusahau neva. Siku ya tatu encadreur, msimamizi wangu, alifungua ateli, akamwambia, “Mama, nyanyua kidole gumba.” Mama alikaza uso, akauma mdomo, lakini kidole hakikusogea. Unyayo mzima ulining'inia kama kitambaa kilicholowa.

Encadreur hakunifokea. Alinikalisha kwenye kitanda cha jirani, akakunja suruali yangu, akachukua kidole changu na kukipitisha nyuma ya lile fundo langu mwenyewe, upana wa kidole kimoja chini yake, akakisugua kukivuka kitu kama kamba nyembamba. Umeme ukashuka mpaka juu ya unyayo, kama unapogonga kisugudi. “Hiyo ndiyo fibulaire commun, neva inayonyanyua unyayo,” akasema. “Juu yake kuna ngozi na utando tu. Hakuna msuli wa kuikinga.” Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo hiyo kwenye mtihani na kupata alama nzuri.

Mama alitembea wiki nyingi akinyanyua goti juu kama mtu anayepanda ngazi, na unyayo ukipiga sakafu, pa, pa. Analipwa kwa kila mzigo, na mzigo hakuweza kubeba. Nilikwenda kwake kila Jumamosi kumfanyia mazoezi na kumnyoosha kisigino ili kano isikakamae. Wiki ya 9, akiwa ameketi nje anachambua maharagwe, kidole gumba kiliinuka kama upana wa punje ya mchele. Alinionesha kabla sijauliza. Aliniita “mwanangu” siku zote hizo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

4. Kabla ya kufunga na baada ya kufunga: mwambie anyanyue kidole gumba cha mguu, kisha gusa ngozi kati ya kidole cha kwanza na cha pili. Ni sekunde 10. Akisema sisimizi, fungua, usimjibu chochote kwanza.

5. Mchoro unakutazama: kushoto kwa karatasi ni kulia kwa mgonjwa.

6. Mgonjwa wa Bukavu ulizeni anaumia akipanda au akishuka. Kushuka ndiko kunakochosha msuli wa mbele wa paja, kwa sababu unarefuka huku umekaza.

7. Msisome peke yenu. Anatomia inataka miguu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya raundi, kila mmoja aje amevaa kaptura ndani ya suruali, na kalamu ya bluu. Mtakunja goti, mtafuata kano ya nje nyuma ya paja mpaka iwafikishe kwenye fundo, mtashuka upana wa kidole kimoja, na kuchora neva kwenye ngozi ya mwenzenu. Yule kijana wa Alhamisi ataanza na mguu wangu.