Maswali na majibu: mazoea ya kushukuru kila siku

*Mara tatu nimeanza daftari la kuandika mambo ninayoyashukuru, na kila mara nimeliacha kabla ya wiki mbili kwisha. Mazoea hujengeka baada ya muda gani?* (Msomaji, Morogoro)

Hayana tarehe moja ya kukomaa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoeza tendo moja dogo la kila siku, na wakakadiria kwamba wengine wangehitaji siku 18 na wengine 254, huku kiwango cha kati kikiwa siku 66. Wiki mbili, basi, ni chache mno kwako kujihukumu. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu mazoea, na natamani kila aliyelitupa daftari lake kwa sababu hiyo angelijua hilo. Fungamanisha uandishi na tendo usilohitaji kukumbushwa: ukishachomeka chandarua, andika, kisha zima taa. Daftari na kalamu vikae chini ya mto.

*Kila siku najikuta naandika "afya, familia, chakula." Nimechoka.* (Msomaji, Mombasa)

Umechoka kwa sababu maneno hayo angeweza kuyaandika mtu yeyote, siku yoyote. Katika utafiti wa Martin Seligman na wenzake wa mwaka 2005, washiriki waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu ya kila moja. Miezi sita baadaye bado walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona kuliko wenzao wa kundi la kulinganisha. Naamini nguvu ya zoezi imo katika kuitafuta hiyo sababu. Juzi niliandika: "Binti yangu aliniwekea ukoko wa wali chini ya kawa, kwa kuwa anajua naupenda na nilichelewa kurudi." Nilipofika kwenye "kwa kuwa," nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeula wote bila kumwambia asante. Nikainuka, nikambishia mlango, nikamwambia.

*Nilimzika mama miezi miwili iliyopita. Watu wananiambia nishukuru. Nishukuru nini?* (Msomaji, Dodoma)

Pole sana. Hudaiwi shukrani na mtu, na anayekuhimiza ushukuru ukiwa bado na majonzi anakuongezea mzigo, hata kama nia yake ni njema. Lia, umtaje mama, umkumbuke. Siku utakapojisikia tayari, waweza kuandika jambo moja tu alilokufanyia, na si lazima iwe kila siku: katika mojawapo ya majaribio ya Robert Emmons na Michael McCullough ya mwaka 2003, watu waliandika mara moja tu kwa wiki, na waliotaja mema waliyaona maisha yao kuwa bora kuliko walioorodhesha kero. Ukikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili mfululizo, tafadhali nenda kituo cha afya.

*Mume wangu hapendi kuandika. Afanyeje?* (Msomaji, Tanga)

Aseme. Amwambie mhusika mwenyewe, akilitaja tendo: "Asante kwa kuniamsha alfajiri, nimeliwahi basi."