Kugeuza mchoro ulioletwa kuwa kiolezo cha fremu

Ndugu, nimekuelewa: faili la DWG (faili la mchoro wa AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta) ulilopokea lina fremu nzuri, ila kisanduku cha maelezo ni mistari na maandishi matupu, na kila karatasi unaandika jina la mradi upya.

Usifanyie kazi faili la asili, nakili kwanza. Kwenye AutoCAD, pima upana wa fremu kabla ya chochote. A3 ni milimita 420 kwa 297. Ukipata 16.54, mchoro ulichorwa kwa inchi, basi ukuze mara 25.4. Hapa ndipo wengi hukwama, maana fremu inaonekana sawa kwenye skrini halafu inachapwa ndogo kama stempu.

Futa mchoro wenyewe, ubakize fremu, kisha endesha amri ya PURGE kuondoa matabaka na mitindo isiyotumika. Sogeza kona ya chini kushoto ya fremu hadi 0,0 (mahali vipimo vinapoanzia).

Sasa kazi yenyewe: kila neno linalobadilika (mradi, namba, tarehe, skeli) lifute, uweke sehemu ya kujaza kwa amri ya ATTDEF. Vichwa visivyobadilika viache. Fanya vyote bloku moja (kitu kimoja kinachotumika tena na tena), iweke kwenye leiauti (ukurasa wa kuchapia) kwa 1:1, hifadhi kama DWT, yaani faili la kiolezo.

Ukiongeza sehemu baadaye, michoro ya zamani haitaiona mpaka uibadilishe bloku humo na uendeshe ATTSYNC, amri ya kusasisha sehemu za kujaza.

Nembo, muhuri na sahihi ya mhandisi viondoe kabisa. Kama fremu ni ya kampuni nyingine, omba ruhusa kwanza. Kwa michoro ya kuidhinishwa kisheria, mhandisi aliyesajiliwa akague kiolezo.