Koki ya ziwa haiko Mwanza

Mkuu mleta mada, heshima kwako. Uzi wako nimeusoma juzi jioni nikisubiri kivuko Kamanga. Unasema sisi wa Kanda ya Ziwa tunalala pembeni ya maji na bado tunagombania ndoo kwa sababu mwaka 1929 Mwingereza aliwaandikishia Wamisri ziwa letu la Victoria, na hadi leo hatuwezi kutandaza hata bomba la inchi mbili bila Cairo kugonga muhuri. Wachangiaji kadhaa wamekuunga mkono. Mmoja kabandika jibu alilopewa na akili mnemba, limepangwa vizuri kweli, ila linachanganya Nile Nyeupe, inayotoka ziwani kwetu, na Nile ya Buluu, inayotoka Ethiopia, kana kwamba ni mto mmoja. Mwingine anasema dawa ni kufunga koki ya ziwa mpaka Wamisri washike adabu.

Nilitaka kupita kimya. Lakini hilo bomba mnalosema haliwezekani mimi nimelifukia kwa mikono yangu. Mnivumilie, itakuwa ndefu.

Mwaka 2005 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kuokoteza. Mjomba wangu wa Misungwi akaniambia Ihelele kuna mkandarasi Mchina anachukua vibarua, wanatoa maji ziwani kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Nikaenda. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusawazisha mchanga chini ya mtaro kabla bomba halijashushwa, maana likikaa juu ya jiwe moja tu, siku udongo ukikaa sawa linapasuka palepale. Baadaye nikapandishwa kuwa msaidizi wa fundi wa viungio. Yale mabomba mtoto angeweza kutembea ndani yake bila kuinama.

Siku hizo habari ya Misri kulalamika ilikuwa inazunguka redioni na magazetini, na vijijini ilikuwa imeshaota mbawa. Mzee mmoja alikuwa anakuja na fimbo yake kila asubuhi, anakaa juu ya kifusi anatutazama. Siku moja akauliza:

"Wajukuu zangu, mnachimba tu. Mnajua Wamisri watakuja na ndege kulipiga hili?"

Msimamizi wetu hakuacha hata kupima. Akamjibu, "Babu, wakija watakuta tumeshalifukia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ndege haikuja. Mwaka 2009 Rais Kikwete akauzindua mradi. Maji yanasukumwa kutoka Ihelele hadi tenki la kilima cha Mabale, na kutoka hapo yanateremka yenyewe kwenda Shinyanga na Kahama. Baadaye likaongezwa tawi kwenda Nzega, Igunga na Tabora, safari hiyo kwa mkopo wa India. Kwa hiyo aliyeuliza ukurasa wa pili kama kweli Tabora wanakunywa Ziwa Victoria, jibu ni ndiyo, na Cairo haijagonga muhuri wowote.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana naona kila mtu anaitaja na sioni aliyeisoma. Si mkataba mrefu. Ni barua walizobadilishana mwezi Mei 1929 Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na mwakilishi wa Uingereza pale Cairo, Lord Lloyd. Sentensi inayotugusa inasema kwamba kwenye Nile, matawi yake na maziwa unakotokea, ndani ya Sudan na nchi zinazotawaliwa na Uingereza, zisijengwe kazi za umwagiliaji au za umeme wala kuchukuliwa hatua bila Misri kukubali kwanza, iwapo zitapunguza maji yanayofika Misri, zitabadili majira ya kufika kwake au zitashusha kina chake kwa namna ya kuidhuru Misri. Kwa namna ya kuidhuru, mkuu. Hayo maneno ndiyo yanayorukwa kila mara mjadala huu unapoibuka.

Halafu Tanganyika wakati huo haikuwa hata koloni. Mwingereza alikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa kuisimamia tu. Ni kama mlinzi wa shamba kumwandikishia jirani kisima cha mwenye shamba, halafu jirani miaka tisini baadaye anakuonyesha karatasi.

Nyerere hilo aliliona mapema. Uhuru ulipokuja alisema mikataba ya nchi mbili iliyoachwa na Mwingereza tutaiheshimu miaka miwili huku ikijadiliwa upya, na usiojadiliwa ukafikia mwafaka hadi Desemba 1963 tutauhesabu umekwisha. Kwa Nile hakungoja hata hiyo miaka miwili. Julai 1962 Tanganyika iliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Misri ikajibu kwamba kwa upande wake yanaendelea mpaka yapatikane mengine. Wanasheria hadi leo wanausoma ule msimamo wa Nyerere kwa jina lake.

Nisiwe mshabiki, Wamisri nao wana hoja. Wanasema mkataba unaohusu ardhi, mipaka na mito hauondoki na mtawala, na mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale The Hague, kwenye kesi ya Hungaria na Slovakia juu ya mabwawa ya mto Danube, iliikubali kanuni ya namna hiyo. Yetu haijawahi kufika mahakamani. Kilichofanyika ni nchi za juu ya mto kuandika mkataba wao wenyewe, Entebbe, Mei 2010. Tanzania ilisaini siku ya kwanza pamoja na Uganda, Rwanda na Ethiopia. Misri na Sudan waligoma kwa sababu ya ibara ya 14(b), walitaka ilinde matumizi na haki walizonazo tayari, wenzao wakakataa. Ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuridhia. Hauwafungi ambao hawakusaini, ila kwetu sasa ndio unaosimama.

Kuna mahali mleta mada uko nusu sahihi, na sijaona aliyepagusa. Ile karatasi ya 1929 kweli ilituuma, ila ilituuma mfukoni. Benki ya Dunia ina kanuni yake: mradi ukigusa maji ya mto au ziwa la nchi kadhaa, nchi nyingine za bonde ziarifiwe kwanza. Mmoja akipinga, faili linazunguka. Sasa nchi maskini inayotaka kujenga kwa mkopo utaielewa. Ndiyo maana mradi wa Ihelele Serikali iliujenga kwa fedha zake za ndani. Tulipokuwa mtaroni hatukujua hilo, tulichojua ni kwamba mishahara ikichelewa hakuna mfadhili wa kumlalamikia.

Kuhusu kumaliza maji ya Misri, chukueni kalamu. Ziwa lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Kulishusha sentimita moja tu unahitaji kutoa mita za ujazo milioni 688. Mtambo wa Ihelele ulijengwa kutoa lita milioni 80 kwa siku, yaani mita za ujazo 80,000. Gawanya. Ni siku 8,600. Miaka ishirini na mitatu na ushee kushusha ziwa kwa upana wa ukucha, na hapo tunajifanya hakuna tone la mvua lililonyesha muda wote huo. Jua peke yake linakausha kama milimita 4 kila siku, kwa hiyo sentimita hiyohiyo linaimaliza kwa siku tatu hata hazijatimia.

Na maji yakishatoka kwetu hayafiki Misri moja kwa moja. Yanapita kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na karibu nusu yanapotelea pale. Asilimia kama 85 ya maji ya Nile yanayofika Misri yanatoka milima ya Ethiopia. Lile bwawa kubwa la Ethiopia lililozinduliwa Septemba 2025, ambalo mnalileta kwenye kila uzi, liko Nile ya Buluu. Halina habari na ziwa letu.

Ila mkiniambia mnataka kumwagilia pamba kuanzia Magu hadi Meatu, hapo hesabu inabadilika, sitawatetea kwa urahisi. Kunywa na kumwagilia ni vitu viwili.

Sasa swali lenyewe: mbona Mwanza watu wanabeba ndoo?

Nyumba yangu iko Mabatini, juu kwenye mawe. Nikifungua mlango asubuhi naliona ziwa lote linameta, na miguuni nina madumu matano matupu. Hapo ndipo nilipokuja kuelewa kazi niliyoifanya Ihelele. Maji hayapandi kwa kuhurumiwa. Kila mita 10 za kwenda juu zinataka presha ya baa moja, na mji wetu ni vilima vitupu. Jirani wa bondeni akifungua koki, mpira unamponyoka mkononi. Kwangu koki inakohoa. Tulizoea kuamka saa tisa usiku, bondeni wakiwa wamelala, koki ikianza kupiga mluzi ujue hewa inatoka na maji yanafuata. Mke wangu alikuwa anausikia ule mluzi kabla yangu, sijui alikuwa analalaje. Mgawo ukikata kabisa tunanunua kwa vijana. Dumu lilikuwa mia tatu bondeni, likifika kwangu mia tano. Ile mia mbili ni ya magoti ya kijana, sijawahi kuibishia.

Mtambo wa Capri Point ulijengwa kwa lita milioni 90 kwa siku. Mji ukakua mpaka Buswelu na Kisesa, wakaongeza chanzo cha Butimba cha lita milioni 48. Nafuu imekuja, kwangu mluzi sasa unaanza saa nne usiku. Lakini maji ya kutosha kiwandani bila tenki la juu, bila mota ya kuyafikisha kwenye hilo tenki na bila umeme wa kuiendesha hiyo mota, ni maji ya bondeni tu. Humo Misri inaingia wapi?

Kwa yule wa kufunga koki: koki ya ziwa haiko Mwanza, ndugu yangu. Iko Jinja. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu hapo maji ya ziwa hutoka kupitia milango ya Waganda, huku Misri ikiwa na mhandisi wake palepale anayesoma vipimo. Sisi na Wakenya ni watazamaji. Mwaka 2006 kulikuwa na ukame, na Jinja wakawa wanaachia maji mengi kuliko kiwango kilichokubaliwa ili mitambo yao ya umeme izunguke. Ziwa lilishuka hadi mwaloni mitumbwi ikabaki imelala ubavu kwenye tope, watu wanatembea hatua mia kuyafuata maji. Mei 2020 ikawa kinyume, mvua zilinyesha mpaka ziwa likaingia vyumbani. Shemeji yangu ana banda la dagaa ufukweni, alikuta kambare chini ya kitanda. Mei 2024 likapanda kupita hata hapo. Mkitaka mjadala wa kimataifa wenye faida kwetu, ulizeni nani anapanga ile milango ya Jinja na sisi tunakaa kiti gani, maana huo ndio unaogusa banda la shemeji.

Na kuwachukia Wamisri sioni kunatusaidia nini. Ni zaidi ya watu milioni 100 na karibu maji yao yote ni mto mmoja. Mimi ningekuwa kule ningepiga kelele kuliko wao. Halafu angalieni Rufiji: bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy. Umeme wake unaingia gridi ya taifa, gridi ileile inayozungusha mota za Ihelele. Yule mzee wa kifusini angekuwepo angecheka tena mpaka akohoe.

Nimekumbuka kitu kimoja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa upande wa Kishapu. Utotoni nilikuwa nafuatana naye kiangazi kuchimba maji mtoni, kwenye mchanga. Unachimba kwa kibuyu mpaka mkono unazama begani, halafu unakaa kungoja yajikusanye, kikombe kimoja kimoja, ng'ombe wakikupumulia mgongoni. Bomba lilipofika mjini Shinyanga binamu zangu wakawa wanampelekea dumu kwa baiskeli. Alikuwa anayaacha yalale usiku mzima kwenye mtungi kwanza, anasema yananuka hospitali. Nilipomweleza kwamba ni ya ziwa, na kwamba nimeshiriki kuyaleta, aliniuliza jambo moja tu: kama huko Mwanza yamebaki ya kututosha sisi.

Picha za mwalo wa 2006 ninazo kwenye simu ya zamani, chaja yake imepotea. Nikiipata naziweka hapa, mzilinganishe na za 2024.